Weusi wa wavu wa nyama choma: upi wa kuacha na upi wa kung'oa

 Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee choma. Wale wa kafe mnaohesabu dakika msiwe na wasiwasi, jambo lenyewe nalitaja mapema kabisa: wavu wa kuchomea nyama una weusi wa aina mbili. Mmoja ni rafiki, mwingine ni uchafu. Ukiung'oa ule wa rafiki unauharibu wavu. Ukiuacha ule wa uchafu unakula moshi wa nyama ya wiki iliyopita. Wengi hawatofautishi, ndiyo maana utakuta mmoja anasugua mpaka chuma kinang'aa kama kijiko cha harusi, na mwingine hajagusa wavu wake tangu fundi alete jiko.

Kwa nini nimeamua kuandika? Kwa sababu huku kwetu choma ni kazi. Barabara ya malori kutoka Nyakanazi, unapita Lusahunga, Nyakahura, Benaco mpaka mpakani Rusumo, dereva anashuka na njaa ya safari ndefu na yule wa kumlisha ni kijana mwenye pipa lililopasuliwa, mkaa na wavu. (Kwa faida ya wadogo zetu: Benaco si jina la Kihangaza wala Kishubi, ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Dunia nzima ililijua mwaka 1994 kambi ya wakimbizi wa Rwanda ilipowekwa pale.) Lakini si biashara tu. Siku hizi hata uani nyumbani watu wana jiko la choma kwa ajili ya Idi, Krismasi, kipaimara, au mjomba akija kutoka Mwanza. Na hilo la nyumbani ndilo linaloteseka zaidi, maana linawashwa mara nne kwa mwaka halafu linaachwa kwenye mvua.

Nilimwamkia mzee mmoja anayechoma mbuzi pale Nyakahura, nikamuuliza wavu wake anauosha lini. Akacheka kinoma. "Kijana wangu, moto ndio sabuni. Ukiosha wavu umeosha wateja."

Sasa mzee wangu huyu ana haki nusu. Moto mkali unaua vijidudu, hilo halina ubishi. Na kweli kuna weusi ambao ukiutoa nyama inaanza kung'ang'ania. Angalia kikaango cha chuma cha mama anayepika chapati. Kikiwa kipya kinanata, kikishazoea kinakuwa cheusi tii na chapati inateleza yenyewe. Kinachotokea ni kwamba mafuta membamba sana yakipata joto juu ya chuma hayabaki mafuta tena. Yanajishika yenyewe kwa yenyewe, yanakuwa gamba gumu, jembamba kuliko karatasi, lililoshikana na chuma. Maji hayapenyi kirahisi, kwa hiyo kutu haipati njia. Huo ndio weusi wa kuacha.

Weusi wa pili ni ukoko. Huu ni mafuta yaliyodondoka mengi mengi, damu, maji ya nyama, viungo, sukari ya kachumbari ya chupa, vyote vimeungua nusu na kurundikana leo juu ya jana. Ndani yake bado kuna mafuta mabichi. Kesho ukiwasha moto, huo ukoko ndio unaanza kuungua kabla hata nyama haijawekwa, na ule moshi mweupe mzito wenye harufu chungu ndio unaipaka nyama yako. Nyama unayosema "ina ladha ya jiko" mara nyingine ina ladha ya mafuta yaliyochacha.

Na si ladha tu. Mafuta yanapoungua juu ya makaa moshi wake unabeba kemikali ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Ile inayoitwa benzopairini iko kwenye orodha hiyo, ni jamaa yule yule aliyemo kwenye moshi wa sigara. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 2015 liliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Sisemi muache choma, mimi mwenyewe siachi! Nasema kama moshi wa nyama ya leo tayari una maneno, kwa nini uongeze na wa nyama ya wiki tatu?

Kuzijua aina hizi mbili ni rahisi. Jiko likiwa limepoa kabisa, pitisha ukucha au mgongo wa kisu juu ya chuma. Ukikuta pamelainika kama sahani na hakuna kinachotoka, acha, huo ni rafiki. Kikitoka kitu kama magamba ya samaki, au kidole kikanata, huo ni ukoko. Ng'oa.

Sasa namna ya kuung'oa, na hapa ndipo watu wanapotumia nguvu wakati kazi ni ya joto. Ukimaliza kuchoma usimwage makaa haraka. Yasogeze chini ya wavu, acha dakika kumi hadi kumi na tano bila nyama. Mafuta yote yataungua mpaka moshi ukome. Hapo ukoko unakuwa mkavu, unakatika. Chukua kipande cha mti mgumu kilichochongwa bapa kama mwiko, kikwangue juu ya wavu ungali wa moto. Mara ya kwanza kitaonekana hakifanyi kitu. Baada ya siku chache ncha ya mti itaungua yenyewe na kupata mifereji inayolingana na waya zako, na hapo kinaingia mpaka pembeni mwa chuma. Kifaa cha bure kabisa. Halafu malizia na nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma mrefu, sugua, maji yake yanatoa mvuke unaolainisha mabaki. Mwisho kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo ya kula. Nimesema KIDOGO. Mafuta yakitiririka umeanza ukoko mwingine.

Ni zoezi la kila siku unayochoma, haliongezi hata nusu saa. Mwenye jiko la uani afanye hivyo hivyo usiku ule ule wa sherehe, asisubiri asubuhi. Mafuta yakishapoa yanaganda, panya na mende wanakuja kula, na wakila wanaacha zawadi zao. Ndiyo maana hata wavu uliosafishwa jana, leo unapashwa moto kwanza kabla ya nyama.

Nimetaja mti na sikutaja brashi ya waya, na si kwa kusahau. Zile brashi za mafundi rangi, za waya za chuma, zinauzwa kila duka la vifaa na wengi wanazitumia kwenye wavu. Tatizo lake ni dogo kama unywele. Waya moja inakatika, inanasa kwenye mafuta ya wavu, nyama inawekwa juu, inaibeba. Unameza. Inaweza kuchoma koo, au ikashuka ikatoboa utumbo. Marekani, ambako nyumba nyingi zina jiko la choma uani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walichapisha mwaka 2016 hesabu ya waliofika vyumba vya dharura kwa sababu hiyo kati ya 2002 na 2014, wakakadiria watu karibu 1,700. Tena hao ni waliogundulika, maana waya wa namna hiyo hata daktari anaweza kudhani ni mfupa wa samaki. Kama huna kitu kingine ila brashi, basi tumia iliyo mpya isiyopukutika, halafu futa wavu wote kwa kitambaa kilicholowa kabla nyama haijagusa. Stilwaya ya kusugulia masufuria nayo ni mle mle, inaacha vipande.

Kuna na hawa waliotoka na jipya. Januari 2025 Marburg ilipotangazwa wilayani Biharamulo, sote tulikumbushwa usafi upya, na ugonjwa ulitangazwa kuisha Machi mwaka huo huo. Kunawa mikono ni poa sana, tuendelee. Lakini dawa ya klorini ya kusafishia choo na sakafu si ya wavu! Klorini inakula chuma, kutu inakuja fasta. Na ukichanganya na ndimu au siki ili "ing'arishe" unatengeneza gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wavu hauhitaji klorini. Joto linatosha.

Kwa wavu uliotelekezwa miezi, ambao ukoko wake umekuwa mnene kama ganda la mgomba, kuna dawa ya bibi zetu: majivu. Si tulisugulia masufuria kwa majivu wote? Wengi tulidhani kazi yake ni kukwaruza tu, kumbe kuna zaidi. Majivu ya kuni na mkaa yana magadi ndani yake. Yakikutana na maji yanakuwa makali, na yakikutana na mafuta yanaanza kuyageuza sabuni. Ndiyo, sabuni hasa. Sasa basi, chekecha majivu uondoe vipande vya mkaa, tengeneza uji mzito kwa maji ya moto, upake kwenye wavu pande zote, uufunike kwa gunia lililolowa, uache usiku kucha. Asubuhi kwangua kwa mti, suuza kwa maji mengi na sabuni ya mche. Vaa glavu au mifuko mikononi, kwa sababu uji huo unachubua ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari. Usitumie kwenye sufuria au trei ya aluminiamu, itatobolewa. Dawa hii inaondoa na ule weusi rafiki, kwa hiyo mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, na baadaye lazima uanze upya: kausha wavu juu ya moto, paka mafuta membamba, pasha mpaka moshi ukome, rudia mara tatu nne.

Yote hayo yanamfaa mwenye wavu wa chuma cha kweli. Na hapa wadau ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna wavu ambao hautakiwi kusafishwa, unatakiwa kutupwa.

Fundi aliyekutengenezea kwa nondo nyembamba au fleti ya chuma cheusi amekutendea haki. Lakini kuna wavu wa banda la kuku. Kuna waya wa fensi. Wavu huu unang'aa kijivu kwa sababu umepakwa zinki ili usishike kutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na wavu uliolazwa karibu na makaa yaliyopepewa unafika huko bila shida. Inababuka, inaingia kwenye nyama, na joto likipanda zaidi inatoa moshi. Mafundi wa kuchomelea mageti wanaijua ile homa. Unachomelea mabati mchana, usiku unatetemeka, kifua kinabana, mdomo una ladha ya sarafu. Kwa kawaida inapita kwa siku moja mbili. Wao hunywa maziwa, lakini maziwa yanaenda tumboni, moshi umeingia kwenye mapafu, havikutani. Na hata bila moto mkali, mishkaki iliyolala kwenye ndimu ikikaa juu ya zinki, ile ndimu inaiyeyusha zinki kidogo kidogo. Matokeo ni tumbo kusokota na kutapika, halafu analaumiwa muuza nyama.

Usiseme "wangu umeshaungua mara nyingi, zinki imeisha". Haiishi sawasawa, inabaki kwenye maungio.

Mwingine ni wavu wa friji. Hii tabia ipo sana, friji imekufa, rafu yake inaonekana imetulia, ina waya zilizonyooka, mtu anaipachika juu ya mkaa. Noma! Rafu nyingi zimepakwa plastiki nyeupe, hiyo inaonekana na inanuka ikiungua, kwa hiyo angalau utajua. Lakini baadhi za friji za zamani zilipakwa kadmiamu, na hiyo haitangazi. Ni sumu ya figo na mapafu, inakaa mwilini miaka mingi. Hakuna namna ya kuisafisha. Friji ikifa, ife na rafu zake.

Spoku za baiskeli za mishkaki nazo nyingi zimepakwa zinki. Kuna za chuma kisichoshika kutu, na njia ya haraka ya kubahatisha ni sumaku. Inayovutwa kwa nguvu mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa, ile ambayo sumaku inaigusa gusa tu bila kung'ang'ania mara nyingi ni salama zaidi. Ila mti wa mishkaki uliochongwa na kulowekwa maji ni bei chee na hauna maswali.

Pipa nalo lina historia yake. Muulize anayekuuzia lilibeba nini. La dawa za mashambani au kemikali, hata akikupa bure, kataa, hakuna kuosha kutakakolifanya la chakula. La oili linakubalika, lakini msiruhusu mtu alipasue kwa grinda au gesi likiwa na mvuke ndani. Pipa tupu la mafuta ni baya kuliko lililojaa, mvuke unalipuka na linamrusha mtu. Lifunguliwe vifuniko vyote, lioshwe, lijazwe maji karibu na pale panapokatwa. Baada ya kupasuliwa lichomwe kwa kuni nyingi mbali na watu mpaka rangi ya nje na ile ya ndani ziishe zote, chuma kibaki uchi. Halafu likwanguliwe, lipakwe mafuta kama wavu. Lile jiko jipya la bluu au jekundu linalovutia macho, ukiliwasha vile vile lilivyo, nyama ya kwanza imeiva kwa rangi.

Kinacholiua pipa si moto, ni majivu. Watu wanashangaa jiko la uani limetoboka chini ndani ya mwaka mmoja na wamelitumia mara chache. Majivu yananyonya unyevu na kuushika kama sponji pale pale kwenye chuma. Ongeza chumvi iliyodondoka na maji ya nyama. Ongeza mvua zetu ambazo zikianza Septemba zinatutembelea mpaka Mei. Kutu inakula kutoka ndani huku nje unaona pazima. Kwa hiyo majivu yatoke kila mara, yasivuke usiku wa pili. Ila yatoke yakiwa baridi. Kaa lililozikwa ndani ya majivu linaweza kubaki hai siku nzima na zaidi, ukilimwaga mgombani kwenye majani makavu unaweza kuwasha shamba, na watoto wanaotembea peku wanakanyaga bila kujua. Weka kwenye debe la bati lenye kifuniko, siku mbili, ndipo umwage. Migomba itashukuru, udongo wa Kagera sehemu nyingi una uchachu na majivu yanaupunguza. Lakini yawe ya mkaa na kuni tu, usimwage majivu ya jiko lililowashiwa mifuko ya rambo.

Tabaka la mchanga mkavu la vidole viwili chini ya mkaa linasaidia sana, linapunguza joto la kitako cha pipa na kunyonya mafuta. Libadilishwe likianza kunuka.

Kuzima nako kuna ustaarabu wake. Kumwagia maji makaa mekundu ndani ya pipa kunapinda chuma, kunarusha majivu ya moto usoni, na yaliyobaki yanakuwa tope linalogandia chini. Funika kwa bati juu, ziba matundu ya pembeni kwa udongo, moto unakufa kwa kukosa hewa na mkaa uliobaki unautumia kesho. Kwa bei ya gunia ilivyo, hiyo peke yake ni hela. Misitu yetu ya upande wa Ngara iliumia sana kwa kuni miaka ile ya makambi, na lile pori kubwa la Biharamulo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kwa hiyo msitegemee mkaa urudi kuwa wa mchezo.

Moja zaidi, na hii haina utani. Ngara usiku kuna baridi, jiko lina makaa mazuri, mvua imeanza, mtu anaona aliingize ndani lisilowe na chumba kipate joto. USIFANYE. Makaa yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unasikia usingizi tu na kichwa kizito, halafu huamki. Mvua ikija, funika jiko kwa bati lililoegemezwa lisigandane na pipa, hewa ipite, wavu wenyewe uutoe uutundike ukutani jikoni ukiwa umeshapakwa mafuta. Pipa lililowe kwa nje halina neno, mradi majivu yameshatoka.

Nyie wa Kabanga na Rulenge mnaochoma ndizi na nyama kwenye wavu mmoja, semeni hapo chini mnafanyaje, maana utomvu wa ndizi ukigandia kwenye waya hata ule mti wangu unasita.